Jinsi Milton Etchegaray Alivyoikomboa Chemba ya Uani

Sogeeni, nyinyi mlio na masikio na muda wa kupoteza! Acheni vyombo majini, acheni redio ijisemee peke yake, mje msikie yaliyotukia Jumamosi ile katika mji wa Paysandú, mji uliozingirwa na majeshi enzi za mababu ukakataa kusalimu amri, hata Urugwai nzima ikauita Shujaa. Nitamsifu, ijapokuwa sauti yangu ni ya chura, Milton Etchegaray mwana wa Wáshington, mwuza nyama mwenye mabega mapana, Bwana wa Nyumba ya Kona, Bingwa wa Mambo Yote Asiyoyajua, ambaye babu wa babu yake alikuwamo katika mzingiro ule, ingawa wengine husema alikuwa jikoni.

Siku hiyo binti yake Antonella alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, na jioni, kama ilivyo ada, angecheza dansi ya waltz na baba yake mbele ya ukoo mzima. Ukumbi wa klabu alikuwa ameukataa. "Nitacheza uani kwetu," alisema, na Milton aliposikia hayo alikwenda stoo akajifanya anatafuta nyundo, maana hakutaka aonekane akifuta macho.

Basi alfajiri shujaa wetu alikuwa ameketi kwenye benchi lake, kando ya wavu wa chuma uliofunika tundu la maji machafu uani, thamosi kwapani na mkononi kibuyu cha mate, kinywaji cha majani machungu kinachonywewa kwa mrija, akiufyonza uchungu ule kama afanyavyo kila mwanamume wa nchi hiyo kabla hajawa na akili. Ghafla wavu ukakoroma. Maji ya kijivu, yenye mafuta ya mchuzi wa jana, yakapanda, yakamwagika, yakatambaa juu ya vigae, na harufu yao ikayatangulia kama tarumbeta. Milton akainua miguu yote miwili juu ya benchi.

Mkewe Mirta akatoka jikoni na tambara mkononi. "Milton! Sinki linarudisha maji. Mwite fundi."

"Fundi?" akanena shujaa, akisimama juu ya benchi. "Ewe Mirta, nguzo ya nyumba hii! Je, majeshi yalipomzunguka babu wa babu yangu, aliita fundi?"

"Babu yako alikuwa anamenya viazi. Halafu Heber kapiga simu. Anasema gereji yake ina marumaru mpya, tukitaka sherehe iende huko."

Jina hilo lilimchoma Milton ubavuni. Heber alikuwa kaka wa Mirta, na alikuwa na desturi ya kufanya wema kisha kuusimulia mpaka watu wazeeke. "Mwanangu hatacheza gerejini mwa shemeji," alinguruma, "maadamu mkono huu waweza kushika mtaimbo!"

"Haya, shika. Ikifika saa kumi bado kunanuka hivi, viti vinaenda kwa Heber, na wewe ndiye utakayevibeba."

Akaushika. Akaubandua mfuniko wa zege wa chemba ya maji machafu iliyo karibu na jikoni, na tazama, ilikuwa imejaa pomoni, imetulia, inamtazama. Wapo wakuu wa vita ambao hapo wangekaa wafikiri. Milton hakuwa mmoja wao. Aligeuka, akaunyooshea kidole mtini wa jirani, uliochungulia juu ya ukuta na matunda yake, akatangaza, "Nimemjua mhaini! Mizizi yako, ewe mti usio na haya, imepenya usiku kama wezi na kulinyonga bomba langu!"

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa kilichojaa vibanio. Ni Bi Chola, mjane mwenye mtini. "Milton, mti wangu una adabu kukushinda. Hauingii kwa watu bila kubisha hodi."

"Sururu itatoa ushahidi, Bi Chola!"

"Chimba, baba. Chimba. Mimi naleta kiti."

Akachimba. Jua lilipanda, jasho likatiririka, handaki likarefuka sambamba na ukuta, maua ya Mirta yakaanguka bila kosa lolote. Adhuhuri hatimaye bomba likaonekana. Lilikuwa zima, kavu kwa nje, halina ufa wala unywele wa mzizi.

"Umepata?" akauliza Bi Chola.

"Nimepata bomba."

"Na mizizi?"

Milton akaligeuza bonge la udongo kwa sururu.

"Nauliza, na mizizi?"

"Hamna, Bi Chola."

"Kesho utafukia hapo, halafu utakuja kuniomba radhi. Na leo keki nakula vipande viwili."

Shujaa akaketi juu ya kichuguu cha udongo wake. Hapo Antonella akaja, nusu ya nywele imesukwa, nusu bado, akamwekea mkono begani. "Baba, kwa mjomba Heber si pabaya. Kweli tena." Alikuwa anamdanganya kwa huruma, na Milton alilijua hilo, na likamuuma kuliko dharau zote za Bi Chola. Aliona aibu ya kweli, ile isiyo na hotuba.

Katika aibu hiyo ndipo akaanza kufikiri. Ipo chemba ya pili, karibu na geti, ambayo hakuifungua kwa sababu alikuwa ameirundikia kuni za kuchomea nyama. Akaziondoa kuni, akafungua. Kavu! Basi adui alikuwa amejificha kati ya chemba mbili, wala hakuwa na habari na mtini wa mtu. Milton akauleta waya wa kuzibulia, alioununua zamani akauacha katika karatasi yake, akalala kifudifudi, akauingiza kutoka getini kuelekea jikoni, akiusukuma na kuuzungusha, mpaka ukagonga kitu laini, kizito, kisichotaka kuhama.

"Ondoka!" alikipigia kelele, kichwa kikiwa ndani ya shimo. "Ondoka, ewe uliyejificha gizani, nikuone uso!"

Nacho kikaondoka. Kilitoka chote kwa mpigo mmoja, na maji ya asubuhi nzima nyuma yake, kikampata usoni mdomo ukiwa bado wazi.

Alipoinuka alikuwa wa kijani tangu utosini hata kifuani. Mirta akamsogelea, akabandua kidonge kimoja kwenye nyusi zake, akakinusa. "Haya si majani ya mate?"

Milton akatema majani. Mirta hunywa chai kwa ajili ya tumbo lake, na Antonella hapendi kitu kichungu.

"Nani hunywa mate nyumba hii?" akaendelea Mirta, kwa upole wa kutisha.

"Hata mimi ningependa kujua!" akaitikia Bi Chola kutoka kitini.

Kila alfajiri, kwa miaka, Milton alikuwa akiinua wavu kwa kidole gumba cha mguu na kukung'utia humo mabaki ya kibuyu chake, kwa kuwa pipa la taka lilikuwa mbali, nao wavu ulikuwa karibu. Mirta alimkataza. Aliapa ameacha. Sasa akapangusa macho, akasimama wima, akanena hotuba yake fupi kuliko zote: "Jamani, adui nimemwona. Ana masharubu yangu."

Mirta alitaka kukasirika, akacheka mpaka akashika ukuta.

Saa kumi Heber akafika na gari la kubebea viti. Alikuta ua umemwagiwa sabuni na shemeji yake yuko magotini. "Umekuja wakati mzuri, shemeji," akasema Milton, akampa brashi.

Jioni, nyama ikiwa bado motoni, waltz ikaanza. Antonella, katika gauni lake jeupe, akamshika baba mkono, akakunja pua. "Baba, unanuka."

"Najua, mwanangu."

"Sana."

Kisha akamwegemea kifuani hivyo hivyo. Jikoni mashangazi wakamwaga beseni, na chini ya viatu vyake na vya binti yake Milton akayasikia maji yakipita, bila kusita. Akalia mbele ya watu wote. Safari hii hakwenda stoo.

Kesho yake alfajiri, kibuyu kilipokwisha, kidole gumba kikaelekea kwenye wavu kwa mazoea. Mirta alikuwa dirishani. Kidole kikarudi. Milton akauvuka ua wote, akapita handaki lake la aibu, akayatupa majani chini ya mtini, upande wa pili wa ukuta.

"Na udongo?" ikauliza sauti.

"Nakuja, Bi Chola."

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za Paysandú, chini kabisa ya ule mzingiro mkubwa, kwa herufi ndogo: hapa pia mtu mmoja alizingirwa na kinywaji chake mwenyewe; akasalimu amri, na maji yakapita.