Ombi la Kupewa Nusu Yangu ya Ugonjwa

Kwa Daktari Betancur, Medellín.

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu za heshima kutoka huku milimani kwenye mibuni. Mimi ni Heriberto Zuleta, kitinda mimba wa ile familia uliyoipima damu mwezi wa tatu. Nina malalamiko.

La kwanza ni hesabu. Ulituambia ugonjwa huu wa kusahau umetoka kwa marehemu mama, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Tumezaliwa watatu. Nusu ya watatu ni mmoja na nusu. Mbona wameugua wawili, kaka Gildardo na dada Ofelina, nami ukasema sina kitu? Kuna mtu amechukua nusu yangu, na namshuku Gildardo. Tangu utotoni hajui kugawana.

La pili, wao wanasahau, kazi yote ya kukumbuka imeniangukia mimi. Kila asubuhi Ofelina huuliza, "Mama yuko wapi?" Nikisema amefariki, hulia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Siku hizi namwambia, "Ametoka kidogo." Basi anakula arepa yake, mkate wetu wa mahindi, kwa raha, na mimi nabaki na msiba peke yangu.

La tatu linaniuma zaidi. Gildardo hanijui tena, kwa hiyo ananisengenya kwangu mwenyewe. Juzi kaninong'oneza, "Bwana, nina mdogo wangu, Heriberto. Mpumbavu yule! Lakini ukimgusa, nakuvunja shingo." Nilimshukuru kwa niaba ya mpumbavu.

La nne, majirani wanashikilia kwamba ugonjwa huu huletwa na kugusa mti fulani uliolaaniwa. Nimeukumbatia tangu Jumapili. Nimepata upele tu.

Kwa hiyo naomba unipe nusu yangu, iwe kwa sindano au vidonge, ili sote watatu tukae barazani pasiwe na wa kumlilia mwenzake. Sidai cha mtu.

Wasalimie wauguzi wote, na yule dereva wenu aliyemkimbia nyumbu wetu wa mizigo.

Mdai wako mwenye adabu,
Heriberto Zuleta

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Ofelina amenishika mkono. "Bwana wee, hebu niambie, mimi ni nani?" Nikamweleza alivyokuwa akicheza dansi mpaka viatu vinakatika, alivyomkataa mtoto wa meya mbele ya kanisa zima, alivyonibeba mgongoni tukavuka mto uliofurika. Alisikiliza kinywa wazi. "Kumbe nilikuwa mtu hasa! Sasa wewe usije ukasahau, eh?"

Daktari, nimemwahidi. Hiyo sindano usiilete.