Kifua cha Dubai Mbele ya Mashine ya Ayoubu

Wanaume wa Kindu walipomwona Mama Falone akipita sokoni, waliangalia kifua. Ayoubu naye aliangalia, binadamu ni binadamu, lakini alichokiona yeye ni mgonjwa.

Mji mzima ulijua habari ya kifua kile. Miaka sita nyuma papa Okito, mume wake, mwenye mashimo ya dhahabu kule Kampene, alimlipia safari ya Dubai akawekewe matiti ya silikoni, kisha akajisifu kwenye kila meza ya bia. Sasa Ayoubu alikuwa amesoma kwenye simu kwamba vitu hivyo havidumu milele. Vinaweza kupasuka humo ndani kimya kimya, bila maumivu, ndiyo maana madaktari wanashauri vitazamwe kwa ekografia, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili, kila baada ya miaka kadhaa. Nusura alie kwa furaha. Ugonjwa usiouma, usioonekana, halafu wa kweli! Tapeli gani amewahi kujaliwa hivyo?

Na mashine alikuwa nayo. Wakati wa vita, reli imekufa na mji umezingirwa, madaktari fulani wa kigeni walikimbia wakaiacha, Ayoubu akaihifadhi nyumbani kwake kwa huruma tupu. Aliitumia kuwapima wapiganaji waliooga dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, akiwaambia kama dawa bado imo mwilini au inahitaji kuongezwa. Ilikuwa kazi ya heshima, maana aliyepimwa vibaya hakurudi kulalamika. Tangu enzi zile kioo kiliganda kwenye picha moja, mawingu ya kijivu na doa jeusi katikati. Doa hilo lilishawahi kuwa figo, minyoo, na mara moja mapacha.

Basi Ayoubu akavaa koti jeupe, akamweleza Mama Falone hatari iliyomkabili, na mama akaja kupimwa. Alimfunika kitenge kwa adabu, akampaka jeli ya nywele, akapitisha kifaa polepole huku akiguna.

"Ya kushoto iko inavuja, mama."

"Lakini hainiumi, docta."

"Njo ubaya wake, kule kutouma."

Mama Falone akalia. Alilia vizuri sana, na Ayoubu angekuwa na akili angejiuliza kwa nini vizuri hivyo. Alikuwa amepanga kumuuzia sindano za kuziba, lakini mama akasema hapana, walioitia silikoni kule Dubai ndio watakaoitoa. Docta amwambie tu papa Okito, kwa karatasi yenye muhuri, na docta atapata nusu ya pesa ya safari. Ayoubu akaona Mungu anamzidishia. Okito alipofika kutoka Kampene, akaambiwa silikoni inatambaa kuelekea moyoni. Yule mzee akafungua mfuko, na kesho yake mke akapanda ndege.

Nusu ya Ayoubu haikufika. Kilichofika ni sauti ya Mama Falone kwenye simu ya Okito, imetulia kabisa. Alisema Dubai hajawahi kuiona. Pesa ya kwanza alinunulia nyumba, mbali, na hii ya pili ni ya kuhamia. Kifua ni chake cha kuzaliwa, sidiria tu ndiyo ilikuwa mpya. Akamalizia: "Muulize docta aliona nini."

Okito akaja kumuuliza, pamoja na wanaume wawili wa shimoni, mikono yao imezoea kuvunja mawe. Ayoubu akapima majibu yake. Akisema aliona, basi alikula njama na mwanamke. Akisema hakuona, basi ni mwizi. Aliogopa mpaka akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya na mteja: alisema kweli.

"Papa, sikuona kitu. Mashine ilikufa tangu vita. Mimi si docta."

Okito alimtazama, kisha akacheka. Mtu mzito kama yeye adanganywe na bibi yake mwenyewe, halafu adanganywe tena na huyu? Haiwezekani. Heshima yake haikuruhusu.

"Bibi njo alikimbia, basi bibi njo muongo. Mashine haikukimbia. Kama inaona ndani ya muntu, udongo utaishinda?"

Wakampakia Ayoubu kwenye pikipiki, mashine kwenye nyingine, mpaka Kampene. Huko alipiga magoti kwenye tope, jenereta inanguruma, wachimbaji wamemzunguka kwa heshima kubwa, akaupaka udongo jeli ya nywele. Mawingu yakatokea, na doa jeusi katikati. Okito akainama.

"Dhahabu iko?"

Ayoubu alikitazama kioo, akawatazama wale wawili waliosimama kwenye njia ya kurudi. Ukweli alishaujaribu, na faida yake ameiona.

"Iko, papa. Mingi. Lakini iko chini sana."

Okito akamkumbatia kwa machozi, akamvua koti jeupe lisichafuke, akamkabidhi beleshi.

"Basi shuka," akasema. "Wewe njo unaiona."