Gramu Mbili za Kwendea Mars

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeanza. Roketi za wenzetu hutema moto nyuma ndipo ziende mbele. Uchafu! Yangu haitatema kitu. Ndani ni mawimbi ya maikrowevu tu, yanagonga kuta za shaba, huku kupana, huku kwembamba, kama faneli iliyokatwa ncha. Yakigonga zaidi upande wa juu, chombo kinapaa. Rahisi! Ajabu mtaa wetu mzima wa Port Reitz hakuna aliyewaza.

Nimefungua maikrowevu ya mke wangu Pascalia. Amerudi kutoka kazini akauliza atapashia wapi maharagwe. Nimemweleza habari za Mars. Ameyapasha kwenye jiko la makaa, akivigonga vifuniko.

Jumanne, 5 Agosti
Kazini nimesema naumwa tumbo. Nimeazima mizani ya Mwanasaumu, muuza unga wa jirani. Ameapa wallahi, ikirudi na kasoro nitampimia wateja kwa viganja hadi mwaka mpya.

Saa nne asubuhi nimeweka chombo changu cha shaba juu ya mizani, nikawasha. Mizani imeshuka gramu mbili! Bila kutema kitu! Nimeruka, nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, nikawasha tena. Mbili!

Saa tano nimempelekea bosi wangu, Rashid, barua ya kuacha kazi. Mtu wa anga za juu hawezi kuendelea kutengeneza friza za samaki.

Jumatano, 6 Agosti
Pascalia ameona nakala ya barua.
"Kioko, umeacha kazi kwa gramu mbili?" ameniuliza. "Hata kitunguu kina uzito kushinda hizo!"
Nimemwambia kila jambo kubwa huanza dogo. Amehamia kwa dada yake, mtaa wa Mkomani. Ameondoka na sufuria zote. Nimekula mkate mkavu, kishujaa.

Alhamisi, 7 Agosti
Amekuja Mwalimu Kafedha wa nyumba ya pili, anayefundisha fizikia. Hatupatani tangu aliponisahihisha mbele ya wapangaji wote. Sikumwita. Nashuku Pascalia amempigia simu.

Amesema nikikaa ndani ya mkokoteni nikausukuma ubao wa mbele, mkokoteni hauendi popote. "Sukuma hivyo, hata mtaa wa Magongo utafika lini?" Nimemjibu mkokoteni hauna umeme.

Basi geuza hiyo faneli juu chini, akasema. Kama kweli inasukuma, sasa itakandamiza, na mizani itapanda. Nimegeuza. Nimewasha. Imeshuka gramu mbili.

Nimezima umeme. Bado mbili! Imerudi polepole, kadiri shaba ilivyopoa. Kafedha amesema ni hewa ya moto tu, inapanda kama mvuke wa chai. Ameniaga kwa adabu, bila kucheka. Bora angecheka.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimekwenda kwa Rashid, kwenye ghala la samaki. Barua ilikuwa mezani kwake, chini ya kikombe. Amesema alipofika kwenye neno "sayari" alijua ni homa, hakuipeleka popote, akangoja nipone. Nirudi Jumatatu. Nimelia kidogo. Amenipa leso.

Nimempigia Pascalia, nimemwomba radhi. Atarudi, amesema, maikrowevu ikiwa nzima. Nimeifunga. Inafanya kazi! Skrubu tatu zimebaki nje. Sidhani zilikuwa za lazima.

Jumapili, 10 Agosti
Pascalia amerudi, na sufuria. Tumekwenda kanisani pamoja. Nimeshukuru kwa sauti hadi mtu wa mbele akageuka.

Wakati wa mahubiri akili imetulia, nikaanza kufikiri. Faneli ikitazama juu, chombo kinapanda. Ikitazama chini, kinapanda. Umeme ukizimwa, kinapanda! Kafedha ameona kwa macho yake mawili na hakuelewa. Kumbe hata umeme si lazima! Kosa lilikuwa kupima kitu kikubwa namna hii kwa mizani ya unga.

Ghalani kuna mizani ya samaki. Inabeba kilo mia tatu.

Nimemwandikia Rashid ujumbe kwamba kesho nitafika saa moja kabla ya wenzangu. Amejibu upesi: anamshukuru Mungu kwamba nimepona.