Kioo Changu Kiko Juu ya Paa

Ambanoro, Nosy Be, Novemba 1962

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa Saindou, Mahabibo, Mahajanga.

Pokea salamu, pamoja na heshima zote zilizonibakia baada ya kukasirika. Naandika Kiswahili cha wazee ili mambo ya nyumbani yasisomwe na kila mtu wa posta.

Mdogo wako Mroivili, mume wangu, amepata akili mpya. Anasema nchi imepata uhuru, basi jua nalo lisikae bure juu. Amepanga vioo kwenye paa bapa la jiko, vyote vinamulika pipa moja jeusi la maji. Maji yakichemka, mvuke unazungusha dinamo ya lori bovu, umeme huo! Hongera zake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kioo cha kwanza kupandishwa ni changu cha kabati, alichonipa marehemu baba siku ya harusi. Juzi nilijipaka liwa ya msandali usoni kwa kukisia, nikaenda kwenye maulidi na shavu moja. Jirani yangu Fatima akaniuliza kama naumwa jino.

2. Kisha akaazima vya majirani. Sasa wanawake wakitaka kuchana nywele hupanda kwetu, na wakishapanda hawashuki. Chai napika mimi.

3. Jua likisogea, vioo sharti vigeuzwe. Na anayegeuza ni mimi, maana bwana ni fundi. Jumanne nilichelewa kidogo, mwanga ukahamia uani kwa jirani Koultoum, ukaunguza kanzu ya mumewe kambani. Bahati mwenyewe hakuwa ameivaa.

4. Umeme wenyewe, Shemeji, ni balbu moja. Inawaka mchana, jua likiwa kali! Usiku tunawasha kibatari. Ameitundika katika chumba changu cha ndani kisicho na dirisha, ninamodarizi kofia. Wageni wanaingia adhuhuri, wanafunga mlango waione vizuri, wanakanyaga nyuzi zangu.

Basi amua wewe, mkubwa wetu. Kioo changu kishuke kabla ya Ijumaa, au narudi kwa mama yangu mjini Hell-Ville. Uke wenza na mwanamke ningeuvumilia. Na jua, siuwezi.

Nisalimie mkeo Rabiata, watoto, na wote wa Mahabibo wenye vioo vyao ukutani.

Ni mimi shemeji yako, niliyedhulumiwa,
Kouraichia

Baada ya salamu: Kofia niliyoifunga pamoja na barua hii ni yako. Nje jua linanitoa machozi. Nimeidarizi ndani, chini ya balbu. Tangu mwaka juzi binti yangu Laïla ndiye aliyekuwa akinitungia uzi. Safari hii tundu la sindano nimeliona mwenyewe, wallahi. Ila wingu likipita taa inafifia, vioo vya paani bado ni vichache. Nitumie kwa meli kile kioo kirefu cha sebuleni kwenu. Rabiata mwambie kimevunjika.