Orysia Hnatiuk na Kiti Kilichojiinua

Sogeeni karibu, enyi nyote mliowahi kuinuka kitini na msikumbuke kwamba mmeinuka! Zimeni redio, punguzeni moto jikoni, na anayebisha hodi mwambieni asubiri kidogo, kwa maana habari inayokuja ni kubwa, na waandishi wa tarehe za wafalme hawakuigusa, wao wakishughulika na farasi na mizinga, wala hawakuona faida ya kuandika jinsi makalio ya bibi mmoja yalivyoachana na kiti. Nawe Pumzi, mgeni usiyependa kukaa, uliyemkimbia bibi huyo kwenye ngazi, bafuni, na siku moja katikati ya kumsengenya jirani, nakuomba kwa heshima zote ubaki nami mpaka nifike mwisho.

Palikuwa na mwanamke mjini Winnipeg, mtaa wa kaskazini, ng'ambo ya reli, akiitwa Orysia Hnatiuk, mjane wa Bohdan fundi wa mabehewa, Orysia mwenye vidole visivyovujisha. Sifa hiyo aliipata katika chumba cha chini cha kanisa, ambako kila Alhamisi wanawake wa Kiukraine husimama mezani kufinya pirohi, vile vifuko vya unga vyenye viazi na jibini ndani, vinavyochemshwa kwa mamia na kuuzwa ili paa la kanisa lisiwaangukie waumini. Pirohi za wengine zilipasuka sufuriani. Za Orysia, katika miaka yote ya enzi yake, hazikupasuka. Jemadari wa meza hiyo alikuwa Stefka Kowbel, rafiki yake tangu utotoni, mwanamke mfupi na mpana, mwenye sauti ya kuhamisha masufuria, ambaye mapadri watatu walijaribu kumshinda kwa hoja na wote wakahamishwa parokia.

Majani yalipoanza kupukutika, adui akaingia ngomeni. Ilikuwa saratani, nayo ikapiga kambi katika pafu la kulia. Daktari Okimaw, mwanamke wa maneno machache, akaipelekea majeshi ya dripu, kisha akamwambia mgonjwa wake ukweli bila kuupaka sukari.

"Dawa hii ni kali, mama. Mwili wenye nguvu unaibeba. Ukidhoofika sana, itabidi niisimamishe, maana itakuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kila ukija nitaangalia unavyoinuka na unavyotembea. Nenda mazoezini."

Orysia alitaka kuishi. Naliandika hili waziwazi, kwa sababu mashujaa wa kale walijigamba kwamba wanakidharau kifo, ilhali yeye alikiogopa sana, tena alikuwa na ugomvi na watu kadhaa ambao haujafika mwisho. Basi akaenda.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa chini ya hospitali, na humo wagonjwa wa mapafu, wengine hawana unywele hata mmoja, walivuta mikanda ya mpira, wakazunguka viguzo vya plastiki, wakapumzika bila aibu na kuanza tena. Mkuu wao alikuwa Rodel Macaraeg, kijana wa Kifilipino, Rodel mwenye viatu visivyojua tope. Huyu ndiye aliyempa Orysia amri ya vita.

"Kiti, mama. Kila siku nyumbani: kaa, inuka, kaa, inuka. Mikono ifunge kifuani, usiitumie. Pua ipite vidole vya miguu, halafu puliza pumzi nje huku unainuka, kama unapoza chai."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Mwanangu, mimi nimelea watoto wanne na mume mmoja. Leo ndiyo unifundishe kukaa na kuinuka?"

"Nakukumbusha tu, mama yangu," akasema Rodel, akatabasamu.

Lakini sikieni sasa upendo ulivyoivamia nyumba ile! Katika parokia hiyo, mgonjwa akionekana amesimama ni aibu kwa wazima wote walio karibu naye. Wanawake wa Alhamisi wakaja kwa zamu, Stefka akiwa mbele, wamebeba supu ya bitiruti na mikate na maagizo. Wakamnyang'anya ufagio. Wakamnyang'anya ndoo, kisha birika, kisha funguo za sanduku la barua. Kila alipojaribu kunyanyuka, kelele ilipasua dari: "Keti! Keti, usijisumbue!" Naye akaketi, maana kubishana nao kulimla pumzi kuliko kutembea. Na ili ushindi wa upendo ukamilike, wakachangishana, wakamletea zawadi ambayo iliingia mlangoni kwa kubinuliwa mara mbili: kiti kikubwa cha ngozi ya kahawia, kinachotumia umeme, chenye kitufe ubavuni. Ukikibonyeza, jitu hilo lilinguruma, likainua mgongo wake taratibu, na kumweka aliyekikalia wima juu ya zulia.

Orysia akakipenda. Zaidi ya hayo, akaona kwamba mbingu zimemletea chombo cha mazoezi. Asubuhi na jioni, kwa uaminifu usio na mfano, alifunga mkono mmoja kifuani na wa pili akauacha kwenye kitufe, akapitisha pua mbele ya vidole vya miguu, akapuliza, na kiti kikamsimamisha. Akabonyeza tena, kikamketisha. Rodel alikataza mikono, naye mikono hakuitumia, alitumia kidole. Wiki ambazo chembe nyeupe za damu yake zilishuka na akakatazwa kwenda penye watu wengi, alimpa Rodel taarifa ya maendeleo kwa simu.

"Unainuka vizuri, mama?"

"Nainuka kama msichana. Hata jasho sioni."

"Hata jasho huoni? Mama, wewe ni kiboko!"

Siku aliporuhusiwa kurudi ukumbini aliingia kichwa juu, na Rodel akawatangazia wote kwamba bingwa amefika. Akamwekea kiti cha kawaida, cha mbao, kisicho na mikono. Orysia akaketi kwa madaha. Akapitisha pua, akapuliza, akangoja. Hakuna kilichotokea. Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Kisha mkono wake ukashuka na kuanza kupapasa ubavuni mwa kiti.

"Unatafuta nini, mama?"

"Kitufe," akasema Orysia, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, akaelewa kila kitu.

Dereva mstaafu wa basi, aliyekuwa kando na mrija wa oksijeni puani, alicheka mpaka wakalazimika kumpigapiga mgongo. Rodel alijikaza asicheke, akafaulu, na hilo nalo ni tendo la kishujaa. Alichuchumaa mbele yake.

"Daktari anakuona lini?"

"Jumatatu ijayo, siyo hii."

"Muda upo. Siyo mwingi, lakini upo. Ila kile kiti, mama..."

"Najua," akasema Orysia. Alijitazama mapaja, yaliyokuwa yamekonda ndani ya suruali wakati yeye anajisifu. Wakamnyanyua watu wawili.

Jioni hiyo Stefka alimkuta ameketi jikoni, kwenye kiti cha mbao, bado amevaa koti.

"Stefka. Nenda ukachomoe waya wa kile kiti."

"Kimeharibika?"

"Kizima kabisa. Mimi ndiye ninayeharibika."

Hapo Stefka akasimama katikati ya jiko, akaweka mikono kiunoni, akanena hotuba ambayo majirani wa pande zote mbili waliisikia bila kuikusudia. "Orysia Hnatiuk! Wanawake wamefinya pirohi za ziada tangu vuli kwa ajili ya kiti hicho! Wenye migongo mibovu wamefinya! Mimi mwenyewe nimekibeba ngazini na goti langu hili! Nakufulia, nakupikia, nakufunga kamba za viatu, na leo unaniambia nichomoe waya? Nimekukosea nini, mwenzangu?"

Orysia akasubiri pumzi irudi, kisha akajibu kwa sauti ndogo.

"Hujanikosea kitu. Ila nisikilize. Mkiendelea kuninyanyulia kila kitu, si muda mrefu mtaninyanyua mimi mwenyewe, watu sita, watatu kila upande, na najua mtaimba vizuri sana. Sitaki, Stefka. Nikishindwa kuinuka, daktari atasimamisha dawa."

Stefka akashusha mikono kutoka kiunoni. Akaenda sebuleni, akapiga goti lake baya nyuma ya jitu, akang'oa waya ukutani. Halafu akalia huko nyuma ya kiti, ambako alidhani haonekani.

Kuanzia asubuhi iliyofuata vita vilipiganwa jikoni. Orysia aliwekewa mito miwili juu ya kiti cha mbao ili kimo kiwe cha huruma, na jemadari akasimama mbele yake na mti wa kusukumia unga mkononi.

"Pua mbele! Zaidi! Puliza! Sasa hiyo ni pumzi au unanong'ona?"

"Usinipigie kelele!"

"Nakuhamasisha!"

"Unahamasisha mtaa mzima!"

Akainuka, akakaa tena kwa kishindo. Siku zilizofuata dripu aliinuka mara moja tu, akarudi kitandani, na Rodel akasema kwa simu kwamba mara moja inatosha, mwili hauendeshwi kwa viboko. Ufagio ukarudishwa. Birika likarudishwa. Funguo za sanduku la barua zilirudishwa mwisho, kwa manung'uniko. Mto mmoja ukaondolewa, akainuka. Wa pili ukaondolewa, na hapo akashindwa, akashindwa tena, na Jumatatu ikafika akiwa hajainuka hata mara moja bila mto.

Basi tazameni chumba cha kusubiri! Viti vya plastiki vya bluu, vifupi kuliko inavyopasa viti vya watu wazima, theluji dirishani, wagonjwa wenye kofia za sufu wakijifanya wanasoma magazeti. Orysia ameketi, Stefka kando yake. Mlango ukafunguliwa, na Daktari Okimaw mwenyewe akatokeza.

"Bibi Hnatiuk? Karibu."

Orysia akafunga mikono kifuani, akapitisha pua, akapuliza. Akanyanyuka kidogo, akaanguka nyuma, na kiti kikalia. Magazeti yakashuka. Mkono wa Stefka, ambao tangu utotoni ulitangulia kabla ya akili yake, uliruka kwenda kumshika. Ukafika karibu kabisa na kiwiko, ukasimama hewani. Kisha Stefka Kowbel akaurudisha, akaikalia mikono yake yote miwili, akafumba macho.

"Pua mbele, dada," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Orysia akavuta hewa yote ambayo mapafu yale yalikubali kumpa. Akainama mpaka akaviona viatu vyake. Akapuliza, taratibu, chai ya dunia nzima, na mapaja yakawaka, na magoti yakabishana, na kati yake na plastiki ya bluu pakaonekana mwanga, kwanza upana wa kidole, halafu wa kiganja, halafu hapakuwa na haja ya kupima. Alikuwa amesimama. Akatembea hadi mlangoni kwa miguu yake, polepole, kama mtu asiye na haraka na mlango wenyewe.

"Ameinuka!" Stefka akanguruma, na bakuli la peremende likatetemeka mezani. "Jamani, mmemwona? Ameinuka!" Nao, kwa kuwa kila aliyekuwemo alijua bei ya jambo lile, walipiga makofi.

Daktari alisubiri kelele ziishe. "Nimeona," akasema. "Damu nayo inaridhisha. Tunaendelea na dawa. Alhamisi, saa tatu asubuhi."

Miji mingine imejengewa minara kwa ajili ya ushindi mdogo kuliko huu. Shujaa wetu hakupewa mnara wala ngawira. Alichoshinda ni ruhusa ya kudungwa tena, na kutapika tena, na kuchukia harufu ya kitunguu kwa siku kadhaa. Alhamisi, saa tatu, sindano ikaingia mkononi mwake, na Orysia Hnatiuk akamwambia muuguzi asante, naye alikuwa anamaanisha.