Uzinduzi wa Lifti ya Jengo la Haji Metwalli, Shubra

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wenye Nyumba za Kupangisha wa mtaa wetu, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Mlezi wa Umoja huo, ambaye pia ni mimi, kwa kuwa hakujitokeza mwingine, wenye nyumba wenzangu mliokuja kuchota elimu, wapangaji wangu watiifu, na wale wengine, nawe Umm Naguib wa ghorofa hii ya saba, ambaye tumekusanyika mlangoni pake, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Watu wanahema.)

Naona mnahema. Mmepanda ngazi, na hilo lilipangwa, kwani kitaalamu lifti haipandwi kabla ya utepe kukatwa, kama bibi harusi asivyofunuliwa shela kabla ya ndoa. Na leo harusi ipo kweli: Nesma, mjukuu wa Umm Naguib, anaolewa hapo chini mtaani, na bibi yake, ambaye nyonga imemfungia ndani tangu baridi ya mwaka juzi, atashuka kwa lifti yangu, na hereni za dhahabu ameshavaa. (Vigelegele. Umm Naguib: “Nishushe kwanza, Haji. Hotuba utaimalizia ukiwa na nafasi.”)

Vuta subira, mama. Kwanza elimu. Mimi niliishia darasa la pili, mwalimu akaona hana la kuniongezea, lakini katika menejimenti shirikishi na endelevu ya nyumba za kupangisha hakuna wa kunifikia kutoka hapa hadi Aleksandria. Mpangaji usimpokee kwa maneno matamu. Nenda anakotoka ukatazame jiko, maana aliyelichafua la mwenzako hatalihurumia lako. Bomba likivuja, ita fundi siku hiyohiyo. Mimi niliunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na dari ya Wagdi kinyozi ikashuka kumwamkia kitandani, jambo ambalo takwimu zangu zinalihesabu kuwa ni upanuzi wa chumba kwa asilimia arobaini. (Kicheko. Wagdi: “Mpaka leo nalala na mwavuli, mzee.”) Huyo ndiye mpangaji mwenye ushirikiano. Usiingie kwa mtu bila kubisha hodi na kumpa taarifa mapema, kwani ukuta ni wako ila waliomo ndani si wako. Taa ya ngazini weka wewe, usingoje wapangaji wagombanie nani anunue balbu, maana atakayeanguka gizani ni mama mkwe wako. Na usimpangishe shemeji. Hilo sielezi, yupo hapa. (Kicheko kirefu.)

(Ngoma zinaanza chini. Umm Naguib: “Wanamtoa bibi harusi. Nikimkosa, Haji, nitakudai mpaka kiyama.”)

Basi, kwa mamlaka niliyojipa, nakata utepe. (Anakata.) Tazameni mlango huo wa chuma, mnaweza kunyolea ndevu humo; tazameni kitufe chenye taa nyekundu, hadi Aswan hamtakiona kingine. Nabonyeza. (Kengele inalia chini kabisa, chumbani kwa bawabu. Mwishowe Shazli bawabu anatokea ngazini, jasho linamtoka: “Umeniita, Haji?”)

Mmeona, kitufe kinafanya kazi. (Wagdi anaufungua mlango wa lifti. Nyuma yake ni ukuta.) Hiyo ni awamu ya kwanza, awamu ya mlango, shimo limo kwenye mpango mkakati, na chumba chenyewe cha lifti kimo kwenye mpango wa huo mpango. Wagdi, mbona unaninyanyua kitini? (Wagdi: “Simama kidogo, mzee. Kiti kina abiria.”)

Nyumba bora, mpangaji bora! (Wanamkalisha Umm Naguib kitini, na wote wanateremka naye isipokuwa Shazli.)

Nawashukuru kwa dhati vijana wanne mlionipandisha hadi huku kwa kiti hicho, na sasa mnamteremsha Umm Naguib. Pale ghorofa ya nne mwendo wa pole, ngazi imemeguka, kamati inajua. Mimi goti langu na ngazi haviongei, nitasimamia kazi kutoka dirishani. (Chini, vigelegele vinapasuka.) Amefika. Shazli, wewe ndiye shahidi: tangu lifti izinduliwe, asilimia mia moja ya abiria wamefika salama, na haikukwama hata ghorofa moja. Asanteni sana, na mkimaliza kucheza mnirudie, maana nami nimealikwa.