Ushahidi Kwamba Kichwa Changu Si Kitupu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimetukanwa! Jana, mtaani Njiru, sebuleni kwa akina Marion, nilipokwenda kujitambulisha kama mchumba. Baba yake, Mzee Wanyonyi, alinisikiliza nikieleza mipango yangu yote, kuanzia sungura wa kufugwa bafuni hadi viti vya matanga vya kukodishwa kwa simu. Akamaliza chai yake. Kisha akamwambia bintiye, nikiwa papo hapo, kwamba kichwa cha huyu kijana hakina kitu. Akamtaja Kilonzo, karani wa kanisa lao, kama mfano wa kichwa chenye kitu. Kilonzo! Mtu anayepiga soksi pasi!

Marion alinisindikiza hadi langoni. Akasema nirudi tarehe kumi na nne, nikae kitako, nile, nisidanganye mtu. Basi. Nampenda Marion hadi naumwa. Lakini kukaa kitako tu hakutatosha.

Leo nimeona tangazo. Kuna watafiti mjini wanaochora ramani ya nyuzi za ubongo kwa mashine, na kila mshiriki anapewa picha ya ubongo wake. Picha! Nitamwekea mzee mezani, anionyeshe palipo patupu.

Tatizo dogo: awamu hii wanataka watu wa mkono wa kushoto pekee. Mimi ni wa kulia. Nimejaza fomu kwamba ni wa kushoto.

Alhamisi, 4 Septemba

Mazoezi. Nilidhani nitateseka. Wapi! Nimepiga mswaki kwa kushoto, nimemenya viazi, nimeandika jina langu. Mwandiko umetoka safi kuliko huu ninaouandika sasa kwa kulia. Nimefurahi sana.

Mchana furaha imepungua kidogo. Mteja kaja dukani kwangu, hapa mtaa wa Tena, kataka misumari ya inchi tatu. Kabla sijageuka, mkono wa kushoto ulikuwa umeshaichota. Mteja kasema niko chonjo. Sikumwambia kwamba sikuwa nimeamua kuichota.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepimwa! Daktari Kathini, mama mpole wa miwani, aliniangalia nikiandika kwa kushoto, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nimemdanganya daktari mzima!

Nikavua mshipi, saa, kila chenye chuma. Nikasukumwa ndani ya lile bomba. Daktari alikuwa ameeleza kwamba mashine inafuatilia maji yanavyotembea kandokando ya nyuzi za ubongo, na hivyo ndivyo njia zake zinavyojulikana. Baadaye ningeambiwa nisogeze vidole, kulia na kushoto kwa zamu, waone sehemu gani inafanya kazi. Nilichotakiwa ni kutulia tu. Kelele yake ni ya karakana ya mabati. Katikati ya kelele nikasikia kitu kinanikwaruza paja, polepole. Nikafikiri ni mende. Sikuthubutu kuangalia.

Alhamisi, 11 Septemba

Picha ninayo. Nzuri! Nyuzi nyekundu, kijani, buluu, maelfu, zimejaa kama nywele kwenye kitana cha saluni. Hakuna patupu hata kidogo.

Lakini Daktari Kathini ameniuliza swali la ajabu. Ni nani aliyenikataza mkono wa kushoto nikiwa mtoto? Nimemwambia hakuna. Akasema sehemu inayouongoza mkono huo ilifanya kazi muda wote, hata nilipoambiwa nitulie. Akanionyesha video ya kamera yao. Mimi nimelala, macho nimefumba. Kidole cha kushoto kinaandika juu ya paja. Mstari hadi mstari. Kikifika mwisho kinarudi mwanzo.

Nimempigia mama, Asenath, kule nyumbani. Nikamuuliza. Akauliza ni nani aliyeniambia. Kisha akakiri: nilizaliwa nikitumia kushoto, na watu wakasema mtoto hawezi kula ugali kwa mkono huo wala kumwamkia mkubwa nao. Wakaufunga kwa kitambaa, mwaka mzima. Nilipouliza kwa nini hakuniambia, akajibu kwa sauti ndogo kwamba walidhani ulishakufa.

Nimeogopa. Ila angalia uzuri wake: kumbe sikumdanganya daktari! Mipango iendelee.

Jumapili, 14 Septemba

Aibu!

Nimefika Njiru na picha ndani ya fremu. Kilonzo naye yupo, amealikwa na mzee. Kanisalimu "niaje" huku akicheka. Nikamwendea Mzee Wanyonyi, nikainama, nikanyoosha mkono. Wa kushoto. Naapa niliunyoosha wa kulia! Mzee akaangalia kile kiganja, akauficha wake nyuma.

Nikatoa picha haraka. Akaitazama kwa muda, akauliza hicho ni nini kilichoota ndani ya mtu. Akaomba ifunikwe.

Ugali ukaletwa. Nikaukalia mkono. Ukachomoka, ukamega tonge, ukachovya, ukanilisha mbele ya wazee. Nilifunga mdomo. Ukangoja. Mzee Wanyonyi kasimama, kasema nyumba hii imemalizana na mimi. Marion hakulia. Aliniuliza tu kwa nini nilileta picha badala ya kuja mwenyewe.

Jumatano, 17 Septemba

Marion amepiga simu! Anashukuru kwa barua.

Barua gani?

Amenisomea. Kurasa mbili. Inaeleza fomu niliyodanganya, kitambaa cha mama, tonge, kila kitu. Inasema naogopa kuwa baba yake amesema kweli. Inamwomba radhi mzee, vizuri sana. Marion alikuwa analia. Mzee pia kaisoma, kisha kasema aliyeandika hivi anaweza kuja Jumamosi. Lakini aandike mstari mmoja mbele yake, ajue ni yeye.

Sijaandika barua yoyote. Kucha za kushoto zina wino.

Mtu mwingine angeupa mkono kalamu, akaoa, akatulia. Mimi? Nioe kwa msaada wa mkono? Marion apendane nao, mimi niwe mbebaji? Kilonzo nilimvumilia, huyu simvumilii!

Nimepata njia. Nitauzoesha mkono wa kulia kuiga mwandiko wa kushoto. Siku tatu zinatosha, mzee hatajua. Naanza usiku huu, nikifunga tu daftari hili.

Wa kushoto umelala mezani, kiganja juu, vidole vimefunguka. Unangoja nimalize kutumia kalamu.